Nyongeza Kwenye Flashi ya Mama

Mama yangu hajawahi kununua kitu bila kudai nyongeza. Sokoni Nansio, kwetu kisiwani Ukerewe, wanamjua. Dagaa wakishapimwa kwenye sado, yeye haondoki. Anakaa kimya akimtazama muuzaji mpaka konzi moja iongezwe juu, na konzi ikiwa ndogo anaguna. "Usinipunje mwanangu, mimi mjane." Kabla hajawa mjane alikuwa anasema, "Usinipunje mwanangu, nina mume anayekula." Sababu kwake haikosekani.

Nayasema haya mapema ili nitakapofika mahali ambapo mama na mimi tumekaa kituo cha polisi, usije ukatufikiria vibaya. Tulifikishwa pale na nyongeza.

Mimi nina saluni Mabatini, Mwanza. Chumba kimoja, viti vitatu, mashine mbili za kukaushia nywele na televisheni ukutani kwa ajili ya wateja wa rasta, maana rasta ni kukaa mpaka miguu ife ganzi. Mdomo pia ninao. Huo nimerithi kwa mashangazi, kwa sababu mama ni mpole, na baba alikuwa mpole kuliko mama. Kazi ya baba ilikuwa kulima mihogo Ukerewe, na raha yake ilikuwa kuimba besi kwenye kwaya ya kanisa. Alifariki mwaka juzi.

Mama alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Ukungu uliingia taratibu, na yeye kwa miaka akakataa kwamba haoni. Alipika kwa kunusa. Alishona kwa kupapasa, ukimwambia lete nikusaidie kutunga uzi anakwambia, "Mimi na sindano tunajuana, wewe kaa na nywele za watu." Alipokubali hatimaye kwenda hospitali alikuwa hawezi kunitofautisha na jirani mpaka niongee. Bahati nzuri huwa siachi kuongea.

Kilichomfanya akubali si maneno yangu, ni video. Pasaka ya mwisho ya baba, mwanakwaya mmoja aliirekodi kwaya nzima kwa simu ikiimba kanisani. Baba yumo, mstari wa nyuma. Baada ya msiba yule mwanakwaya akamwekea mama video ile kwenye flashi, kama pole yake. Halafu simu ikamponyoka akishuka kivukoni, ikazama ziwani, chubwi! Ikabaki video moja tu duniani, kwenye flashi nyekundu ambayo mama aliitungia uzi akaivaa shingoni pamoja na rozari. Redio yake ya Nansio inapokea flashi, ila inasoma nyimbo tu, video haisomi. Na televisheni ya jirani ingemsaidia nini mtu asiyeona? Alitembea na mume wake shingoni, asimwone wala asimsikie.

Nikimwambia anipe nimtolee nakala, anajibu, "Utaipoteza. Wewe ulipoteza hata cheti cha ubatizo." Kweli nilikipoteza.

Mpango akaupanga mwenyewe. Atakuja Mwanza, atapasuliwa jicho la kwanza, bandeji ikitoka atakuja saluni, ataiweka flashi kwenye televisheni yangu na kumwona baba. Nilinuna kidogo. "Na mimi je, mama? Mimi hutaki kuniona?" Akasema, "Wewe nitakuona tu. Utakwenda wapi?"

Siku moja kabla ya upasuaji tulipita kwenye kibanda cha kuingiza nyimbo, mtaa wa pili kutoka saluni. Mwenye kibanda ni mtu mzima, baba wa watoto, ana kompyuta na spika inayosikika mpaka barabara kubwa. Mama alikuwa ameambiwa kwamba flashi yake ina nafasi kubwa na ndani mna video moja tu, na jambo hilo lilimkera. Chombo hakirudishwi kitupu. Akamwambia mwenye kibanda amwingizie kwaya, ila asiguse kilichomo. Mimi nikavuka barabara kununua maji. Nilipanga foleni, nikagombana na mtu aliyenipita, niliporudi mama ameshavaa flashi yake shingoni, amefurahi.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Bandeji ilipotolewa, mama alinitazama kwa jicho lile jipya kwa muda mrefu, nami nikawa nimeshaandaa kitambaa cha kulia. Akasema, "Kumbe umenenepa!" Nesi alicheka mpaka akashika ukuta. Akampa mama miwani myeusi na masharti: asiiname, asinyanyue mzigo, na asilisugue jicho hata likiwasha vipi. Hasa kusugua. Alirudia mara nyingi, kwa sauti, kana kwamba kilichopasuliwa ni masikio.

Tulipofika kwangu Ilemela, mama alisimama uani kuitazama milima ya mawe kana kwamba hajawahi kufika. Jiwe juu ya jiwe, na nyumba zimejibanza katikati. "Nani aliyapanga?" akauliza. Nikamwambia aulize wenye nyumba. Akasema huyo aliyepanga hakupunja.

Kesho yake tukaenda saluni. Wateja walikuwa wawili, mmoja chini ya mashine, mwingine nusu kichwa ameshasukwa. Nikazima muziki. Nikawaeleza kwamba leo baba yangu anaimba hapa, na asiyetaka kwaya aende saluni nyingine akapendeze huko. Nikamkalisha mama kwenye kiti cha mbele. Akaivua flashi shingoni, akaibusu, akanipa. Nikaichomeka.

Ilichofungua televisheni hakikuwa kwaya. Kilikuwa kioo kizima cha vipicha vidogo: mwanaume ana bunduki, mwanaume mwingine ana bunduki kubwa zaidi, nyoka wa kutisha, mwanamke ambaye fundi wake wa nguo aliishiwa kitambaa. Chini ya kila picha hamna jina, ni tarakimu tu. Nikasogeza chini, zinaendelea. Filamu, filamu, filamu, zile zinazotafsiriwa Kiswahili na mtu anayepiga kelele juu ya mazungumzo.

"Baba yako yuko wapi?" mama akauliza.

Kabla sijajibu nikasikia, "Hodi humu."

Wakaingia watu wawili. Mmoja kijana wa suti, kitambulisho shingoni, begi la kompyuta begani. Mwingine askari polisi mwanamke, mwenye umri kama wangu, kofia imenyooka. Kijana akajitambulisha: yeye ni mkaguzi wa haki za wasanii, wanapita kwenye maduka na saluni zinazoonyesha kazi za watu bila ruhusa. Halafu akainua macho kwenye televisheni yangu. Jamani! Ningekuwa na khanga mkononi ningeifunika.

"Hizi nyingi hazijatoka hata kuuzwa," akasema. "Zimeibwa. Wenyewe wanalalamika kila siku ofisini."

Nikawaka. Nikamwambia hatujabonyeza hata moja, hapa tunatafuta kwaya ya Pasaka. Nikamwambia na suti yake aangalie isishike rangi ya nywele. Nikasema mengine ambayo mteja wa rasta bado anayasimulia akija. Mkaguzi alisubiri nimalize, akauliza kwa utaratibu tu, "Flashi ni ya nani?"

Hapo akili yangu ikakimbia mbele. Nikamgeukia mama nikamwambia kwa Kikerewe, haraka haraka, huku nikitabasamu kana kwamba namuuliza kama ana njaa: mama, sema si yako, sema kuna mteja kaisahau, waichukue waende zao.

Yule askari akanijibu kwa Kikerewe kilekile, tena safi kuliko changu. "Dada, mimi ni mzaliwa wa Ukerewe."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mteja wa chini ya mashine, ambaye ni Msukuma na hakuelewa neno, alicheka kwa kuniona uso tu.

Mama akavua miwani. "Ni yangu," akasema kwa Kiswahili, ili wote wasikie.

"Mama!"

"Nikisema si yangu, baba yako atakuwa wa nani?"

Ikabidi nifunge mdomo, jambo ambalo wateja wangu hawajawahi kuliona.

Kituo hakiko mbali, tulitembea. Askari alimshika mama mkono kwenye mitaro, na mama akamuuliza kwao ni upande gani na babu yake nani, na walipofika kwenye ngazi za kituo walikuwa wameshapata ndugu mmoja wa kuunganisha. Mimi nilikuwa nyuma na mkaguzi. Nikamuuliza flashi itafanywaje. Akasema ni kielelezo. Itakaa, na jambo likiisha, vitu vya namna hii kwa kawaida huteketezwa.

Nikamweleza kuhusu baba. Nilieleza vibaya, kwa kubabaika. Akasema, "Pole sana, dada." Nikaona kwamba ana huruma kweli na kwamba huruma yake haina nguvu ya kunipa flashi. Nikaogopa. Mama alikuwa amesafiri ziwa zima na kupasuliwa jicho ili amwone mtu mmoja, na mtu mwenyewe alikuwa ndani ya mfuko wa plastiki wa kijana huyu.

Ndani tulipewa benchi. Askari akakaa mbele ya mama, akasema, "Shikamoo tena, mama, maana sasa niko kazini."

"Marahaba, mwanangu. Fanya kazi."

"Mama, sheria haiangalii tu kitu kimekutwa kwa nani. Mtu anaweza kufichiwa bangi kwenye gunia lake la mihogo na yeye amekaa juu ya gunia anapiga miayo. Kwa hiyo tunauliza. Kitu kilikuwa mkononi mwako? Ulijua kwamba kipo? Ulijua ni kitu gani? Na ulipojua, ulifanya nini?"

Mama akatikisa kichwa kukubali. Maswali yalimpendeza, niliona.

Mkaguzi akaongeza, "Na kuna wale wanaofumba macho makusudi. Mtu anahisi kuna jambo, anakataa kuangalia, ili baadaye aseme sikujua. Huyo naye anahesabiwa kwamba alijua."

"Mimi sikuyafumba," mama akasema. "Yalijifumba yenyewe miaka mingi. Juzi ndiyo yamefumbuliwa, tena moja."

Nikaona mlango umefunguka. "Si umesikia, afande?" nikaruka. "Alikuwa haoni! Siku flashi inajazwa alikuwa hanioni hata mimi, na nilivyo mnene! Angezionaje filamu? Mama, mwambie hukujua, tuondoke."

Mama akakunja mikono mapajani. "Lakini nilijua kidogo," akasema.

Weee! Nilimtazama mama yangu kama nimemwona leo. Mtu anafunguliwa mlango, yeye anarudi ndani kuchukua kiti!

"Mama, unanitafutia nini?"

"Njia ya mwongo ni fupi. Macho yalikuwa mabovu, masikio yalikuwa mazima. Yule baba wa kibandani alisema kwaya zimeisha na nafasi bado ipo. Nikamwambia jaza mpaka ijae, usinipunje. Akasema, basi mama nakuongezea vitu vizuri. Nikasema ongeza."

Askari akaweka kalamu chini. "Ulimuuliza ni vitu gani?"

"Sikumuuliza."

"Kwa nini?"

Mama akamtazama kwa lile jicho moja, kwa huruma. "Mwanangu, wewe wa kwetu. Ukinunua dagaa ukaongezewa konzi, unauliza konzi imetoka gunia gani?"

Askari akageuka dirishani. Mabega yalikuwa yanamcheza. Mkaguzi naye akajifanya anatafuta kitu kwenye begi.

"Kwa hiyo," askari akasema alipogeuka, uso umerudi kazini, "ulijua kuna nyongeza. Hukujua nyongeza ni kitu gani. Ulidhani ni nini?"

"Kwaya nyingine. Au mahubiri. Nilimwambia nataka kwaya, mtu ananiongezea kilekile ninachonunua. Nani ananunua dagaa akaongezewa misumari?"

Wakamwita mwenye kibanda. Alikuja amevaa ndala, jasho linamtoka, na alipomwona mama kwenye benchi alimwamkia kwanza ndipo akaanza kujitetea. Hakumtupia mama kosa, namshukuru kwa hilo. Alisema bibi aliomba kwaya tu, yeye mwenyewe ndiye aliyeona nafasi inabaki akamimina alichokuwa nacho. Alitaka bibi afurahi. Wateja wake wote hufurahia filamu.

"Na wewe ulijua ni za wizi?" mkaguzi akamuuliza.

Yule bwana akatazama ndala zake. Alijua. Ana kompyuta nzima ya filamu hizo, anaziuza kila siku, na alijua. Wakampeleka chumba kingine, na mambo yake yakawa ya kwake. Siku hizi anauza makava ya simu palepale, na mama akipita bado anamdai nyongeza.

Askari na mkaguzi walitoka nje kuzungumza. Mama akasali rozari yake, mkono mmoja ukienda shingoni kutafuta flashi ambayo haikuwepo. Niliuona mkono ule na nikaapa moyoni kwamba nikimwona tena mtu anayepima dagaa nitampiga teke. Nilikuwa na hasira na kila mtu, hata na baba kwa kufa.

Waliporudi, mkaguzi ndiye aliyesema. "Mama, tumekubaliana. Ulikuwa nacho, lakini hukujua ni nini, na hakikuonyeshwa kwa mtu. Hatukufungulii jalada. Ushahidi tunaohitaji upo kwenye kompyuta ya yule bwana. Lakini sasa unajua. Ukiondoka na filamu hizi hapa, umeondoka nazo ukijua, na hiyo ni kesi nyingine."

"Basi zifute sasa hivi," mama akasema, "kabla sijajua zaidi."

"Nitafuta flashi yote, ni rahisi..."

"Thubutu!" Tulisema pamoja, mimi na mama na askari.

Tatizo likawa hili: video ya baba nayo ilikuwa na tarakimu tu, kama simu ilivyoiita, na mwenye kibanda alikuwa amezichanganya zote mahali pamoja. Hakuna namna ila kufungua moja moja. Mkaguzi akaweka kompyuta mezani, akavua koti. Mama akasogezewa kiti mpaka pua ikaribie kioo.

"Hii unaijua?" Watu wanapigana juu ya paa la treni.

"Siijui. Futa."

"Hii?" Nyoka.

"Toba! Futa."

"Hii?" Yule mwanamke wa kitambaa kidogo, na bwana mmoja anamkaribia.

"Futa haraka, kuna askari hapa."

Askari wengine wakaanza kusogea, mmoja baada ya mwingine, kila mtu ana sababu ya kupita. Mmoja akaomba ile ya treni isifutwe kwanza, mkaguzi akamtazama, akakumbuka ana kazi nje. "Hii?" "Siijui." "Hii?" "Siijui." Nikaanza kuhesabu vipicha vilivyobaki, na vilikuwa vichache. Vipi kama yule bwana aliigusa? Vipi kama aliifuta ili konzi yake ienee?

Mkaguzi akabonyeza tena. Kukawa na giza, kidole cha mtu kimeziba kamera. Kidole kikaondoka. Madirisha ya kanisa la Nansio, mashati meupe yamepangwa, na besi ikaingia kabla ya wengine, kama kawaida yake, nusu pumzi mapema.

"Hii naijua," mama akasema.

Mkaguzi aliondoa mkono kwenye kompyuta. Baba alikuwa pale nyuma, shingo ameinyoosha, anaimba kwa nguvu zote huku ameangalia juu kana kwamba maneno yameandikwa darini. Mama akaisogelea zaidi. Aliangalia kwanza uso, muda mrefu. Kisha jicho lake likashuka taratibu, na nikajua linakwenda wapi, na sikuwa na namna ya kulizuia.

"Kile ni nini?"

"Kipi, mama?"

"Kifungo kile."

Kwenye shati jeupe la baba, katikati ya kifua, palikuwa na kifungo chekundu, kikubwa, cha koti la mwanamke. Mama alikishona mwenyewe kwa kupapasa, Jumamosi ile kabla ya Pasaka, akakataa msaada, akampa baba shati akijisifu.

"Nilimshonea mimi?"

"Ndiyo, mama."

"Akavaa hivyo? Mbele ya kanisa zima?"

"Alivaa."

"Alijua?"

Nikamkumbuka baba mlangoni asubuhi ile, ameweka kidole mdomoni kwake kuninyamazisha kabla sijasema neno, halafu akafunga kifungo kile kwa taratibu sana na kumwambia mama, kwa sauti, kwamba hajawahi kupendeza hivi.

"Alijua," nikasema. "Wote tulijua."

Mama akaanza kucheka. Alicheka mpaka akayumba kwenye kiti, machozi yakamtoka kwa jicho la zamani na kwa jicho jipya, na mkono wake ukapanda kuyafuta. Mimi, afande, mkaguzi na kituo kizima tukapiga kelele kwa pamoja, "Usisugue, mama!"